Wimbo wa Kuitia Majina

Benchi letu liko mtaa wa Wabera, kwenye ukuta wa duka la vipuri, mahali ambapo kivuli hukaa tangu alasiri mpaka magharibi. Faduma Guleid hutuuzia kahawa ya tangawizi hapo, na wanaoketi ni walewale. Abdighani Dahir huitwa Dizeli kwa sababu aliendesha lori la Moyale tangu enzi za vumbi, kabla ya lami. Kalicha Mamo, dalali wa mifugo, huitwa Hakimu kwa kuwa hakuna jambo lisilopata hukumu yake. Emuria wa Burat, fundi wa pikipiki, huitwa Redio. Sababu mtaisikia wenyewe. Mimi hukaa mwisho wa benchi na kusikiliza. Jumatano iliyopita Hakimu alikuja moja kwa moja kutoka kikao cha kamati ya nasari, akiwa na hasira kabla hata ya kuketi.

— Hiyo mambo tumemaliza, alisema. Kuanzia kesho hakuna kuimba nasari. Mwalimu Sharon ameambiwa.

— Alhamdulillahi, alisema Dizeli.

— Kuimba gani? aliuliza Redio.

— Asubuhi watoto hawajakaa, yeye ameshapiga mtungi. Mtungi ya mafuta ya kupikia, Redio, kama ngoma. Anaita majina kwa wimbo, wanaitika kwa wimbo. Kunawa mikono, wimbo. Kupanga viatu, wimbo. Sisi tumepeleka watoto wasome ama tumefungua bendi?

— Mjukuu wa dada yangu, Dizeli alisema, anahesabu akitingisha mabega. Ukimshika mabega asitingishe, hesabu inapotea. Imeingia kwa mwili, kichwa iko tupu.

— Si basi anahesabu? aliuliza Redio.

— Akiajiriwa benki atatingisha mabega mbele ya wateja?

— Nani amekwambia anaenda benki?

— Haendi sasa. Imeshaharibika.

Hakimu alipokea kikombe, akapuliza.

— Inaanza hivyo, alisema. Leo mtungi, kesho kijana ananing'inia mlangoni mwa gari akiita abiria wa Meru. Hao makanga wote wa stendi walianza na mwalimu kama huyu.

— Umewauliza?

— Mimi siongei na makanga.

— Wazee, niwaambie kitu, alisema Redio, na aliposema hivyo Faduma aliongeza maji kwenye birika. Mimi nikitengeneza injini sitazami, nasikiliza mdundo. Ikipoteza mdundo, hiyo ni maiti. Mtoto naye ni hivyo. Usipomwimbia mpaka miaka saba, sikio linafunga kama kidonda. Akikua, unamwita anaangalia kando.

— Mtoto wa mtu usimlinganishe na pikipiki, alisema Hakimu.

— Sawa, tulinganishe na ng'ombe. Nyinyi Waborana, ng'ombe yenu inakunywa bila kuimbiwa? Mnashuka kisimani, mnapokezana ndoo, mnaimba mpaka mbuzi za watu zinasimama kusikiliza.

Hakimu aliweka kikombe chini.

— Ile si muziki. Ile ni kazi. Bila wimbo ndoo zinagongana, na ng'ombe hajui zamu yake.

— Kwa hiyo ng'ombe ajue zamu yake, mtoto asijue.

— Redio, ng'ombe hafanyi mtihani.

Dizeli alinigeukia.

— Mzee, wewe ulisoma kwa Mzungu. Mliimba?

— Tuliimba hesabu, nilisema. Mpaka leo saba mara nane siipati bila kurudi mwanzo wa wimbo.

— Mnaona? alisema Dizeli. Mzungu alikuwa anawalaza. Mtu anayeimba hesabu haulizi shamba limekwenda wapi. Hata huyu Sharon, mchunguzeni, kuna mtu amemtuma.

Kabla Redio hajamjibu, Abiba alifika. Abiba ni mke wa Mamo, mwana wa Hakimu aliyepewa jina la babu yake. Alisimama nyuma ya Faduma, mtandio ukiwa umefunika nusu ya uso. Kwao mke wa mwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso, wala hataji jina lake.

— Salaam aleikum.

— Waaleikum salaam.

— Mama Faduma, niulizie wazee. Kesho Sabdio wangu ataitwa jina kwa njia gani?

— Kwa mdomo, alisema Dizeli. Anaitwa, anasema niko. Hiyo ni kazi?

— Hawezi.

— Sabdio? alisema Hakimu, akilitazama birika. Yule mtoto ana adabu. Mbele yangu hafungui mdomo.

— Mama Faduma, mwambie mzee hiyo si adabu. Ni maneno yanakwama. Akitaka maji anasema ma, ma, ma, mpaka anaacha, anakaa na kiu. Mwaka jana aliitwa jina, wenzake wakacheka, akajikojolea. Baada ya hapo kila asubuhi nilikuwa namtoa chini ya kitanda nikimvuta miguu. Mwalimu Sharon ndiye alianza kuita kwa wimbo. Akaimbia watoto wote, ili wangu asionekane peke yake. Kwa wimbo hakwami. Anataja jina lake, la baba yake na la babu yake, yote mpaka mwisho.

Hakimu alisugua goti lake.

— Mbona sikuambiwa?

— Na nani? aliuliza Faduma. Mke wa mwanao haongei nawe, mtoto hawezi, na mwalimu mmemsimamisha nje ya mlango mkiamua. Ulitaka uambiwe na huo mtungi?

Hakimu alisema polepole, bila kumtazama mtu:

— Huo wimbo unaendaje?

Abiba alitazama chini. Kuimba mbele ya baba mkwe ni jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe, wala mama yake hakulifanya. Kisha akatugeuzia mgongo, akaelekeza uso kwenye ukuta wa duka, akaimba kwa sauti ndogo:

— Sabdio, Sabdio, jua limetoka, uko wapi wewe?

Akaishia hapo, mahali pa mtoto kuitika, akangoja. Tulikuwa wanaume wanne kwenye benchi, na hakuna aliyejua kuitika.