Fundi Joel Kipketer na Dizeli Aliyoichafua Mwenyewe

Marehemu Mzee Joel Kipketer alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955 huko Rongai, mtoto wa nne wa Mzee Kipkemei. Alisoma hadi darasa la saba mwaka wa 1970, karo ikakosekana, akaenda mjini Nakuru kujifunza ufundi wa matrekta katika gereji ya Bwana Gopal, aliyemfundisha kujua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu.

Tarehe 2 Mei 1981 aliajiriwa na shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi wa matrekta, pampu na mashua. Tarehe 18 Desemba 1984 alimwoa Linah, wakajenga mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, wakajaliwa Kipyegon, Sally, na Cheptoo anayewasomea haya, aliyeacha shule kidato cha pili ili amuuguze baba.

Juni 2007, wanunuzi wa maua wa ng'ambo walitaka mashua na mitambo yote ya shamba itumie dizeli yenye salfa kidogo, moshi upungue. Mafundi walinung'unika kwamba dizeli hiyo ni kavu, itakula pampu za injini, na Naftaly wa stoo, aliyekuwa akinunua mafuta, akamtania, "Mzee, hii si dizeli, ni maji ya kuosha vyombo." Basi Mzee, kwa mazoea ya gereji, akaagiza kila tangi liongezwe oili ya injini ili dizeli ilainike, asijue kwamba oili inarudisha salfa ile ile. Tarehe 14 Septemba mkaguzi wa wanunuzi alipima, matangi yote yakashindwa kipimo, na meneja akasema Naftaly amenunua mafuta machafu, afutwe kazi.

Kesho yake, mbele ya wafanyakazi wote, Mzee alisimama. "Boss, Naftaly alinunua mafuta safi. Aliyechafua ni mimi." Alivuliwa usimamizi, lakini hakuondoka, kwa wiki nane aliosha kila tangi kwa matambara, akabadilisha filta, akatafuta kilainishi kinachokubalika, na tarehe 9 Novemba mashua na mitambo yote ikapita ukaguzi.

Januari 2008 kifua kilimshika, barabara zikafungwa kwa fujo za baada ya uchaguzi, dawa zikakosekana, akalazwa Nakuru mara tatu, akatuacha Jumanne tarehe 5 Agosti 2008, saa nne asubuhi.

Ndugu wengine waliomba habari ya dizeli irukwe leo, lakini yeye mwenyewe aliagiza isomwe, kwa sababu wako mafundi hapa ambao bado wanatia oili kwenye dizeli ya mashua wakidhani wanaisaidia injini. Tafadhali, acheni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kaptembwo, mafundi wenzake wa Naivasha, na Naftaly, aliyekuja kumnyoa ndevu kila Jumapili hadi ile ya mwisho.

Pumzika kwa amani, Baba, ulilolisema mbele ya watu, nasi tumelisema mbele ya watu.