Mama Jedwali na Pacha Aliyezuiwa Getini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo cha Kumbukumbu cha hospitali yetu ya uzazi, Mama Jedwali anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliomba wasifu huu uwe mfupi na usiwe na sifa za uongo. Aliomba pia kuusoma kabla haujachapwa, na ameshaurudisha mara mbili.

Alianza kazi enzi za majalada, akipanda ngazi kutafuta faili la mzazi na kushuka na vumbi kichwani. Kompyuta zilipoletwa alijipeleka masomoni, akarudi na shahada na ulimi mkali zaidi. Ndiye aliyesanifu hifadhidata yetu ya kwanza: jedwali la akina mama, jedwali la watoto, na kila mtoto akibeba namba ya mama yake. Jina la utani likazaliwa hapo. Lile la kwenye hati ya ajira analikumbuka mhasibu peke yake.

Miaka ya karibuni walikuja waandaaji programu vijana na chombo tulichokiita mkalimani. Programu inasema “mama huyu na watoto wake,” naye mkalimani anayageuza maneno hayo kuwa mistari ya majedwali. Ni chombo kizuri, mradi ukieleze vizuri nani ni wa nani. Vijana walikuwa wakimtia mtoto kwenye orodha ya mama, wakasahau kumwambia mtoto mama yake ni nani. Mkalimani wetu alifuata kilichoandikwa upande wa mtoto tu, kwa hiyo vichanga waliingia kwenye hifadhidata bila mama. Mama Jedwali alitoka ofisini akipaza sauti: “Nani katuzalishia yatima leo? Wanangu, orodha haizai!” Ndugu wa wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi walishika vifua. Mganga mkuu alimsihi angalau afunge mlango. Alijibu kwamba mlango ukifungwa, waliolengwa hawatasikia.

Lazima isemwe kwamba kufanya kazi naye kulichosha. Ukimwuliza swali, alijibu kwa swali. Ukinyamaza, aliuliza kwa nini umenyamaza. Karani aliyepangiwa kushika meza yake, ambaye ndiye anayeandika haya, alipouliza mwongozo wa mfumo uko wapi, aliambiwa, “Mwongozo ni mimi.”

Mwezi uliopita mfumo mpya ulianza kutumika. Mama mmoja aliyejifungua mapacha wa kike aliruhusiwa kwenda nyumbani, akafika getini na mama yake mzazi, kila mmoja amebeba kichanga. Mlinzi alitazama hati ya ruhusa, akatazama vichanga.

“Dada, karatasi inasema mtoto mmoja. Mimi naona wawili.”

“Sasa nimrudishe yupi, kaka?”

“Sijui. Ila huyu wa pili mfumo haumtambui.”

“Kwani mfumo ulikuwepo leba?” akauliza bibi yao.

Mlinzi alikuwa na amri yake: mtoto asiyekuwa kwenye hati huhesabiwa ameibwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakarudishwa ndani. Kitanda chao alikuwa ameshapewa mwingine, basi mzazi mwenye mshono mbichi akaketi kwenye benchi, amemkumbatia binti ambaye hospitali iliyomzalisha ilikuwa inamkana.

Mama Jedwali aliteremka akiwa tayari kumgombeza mtu. Vijana wakajipanga ukutani. Akafungua sehemu ya programu inayohusika, akaisoma. Ilikuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa amewaweka watoto wa kila mama katika kundi lisilopokea marudio, na akaagiza mtoto atambuliwe kwa mama yake, tarehe yake na jinsia yake. Mapacha hawa hawakuwa na majina bado. Mama yule yule, tarehe ile ile, wote wa kike. Programu ikaona ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, ikamwacha wa pili kimyakimya, bila hata kutoa onyo.

“Hili ni langu,” alisema mbele ya wote. “Nimezaa watatu, halafu nikadhani tarehe inatosha kumjua mtu!”

Akavuta kiti. Akaagiza kila mtoto apewe namba yake mwenyewe anapozaliwa, na atambuliwe kwa hiyo tu. Kisha karani akaandika upya rekodi ya pacha wa pili, huku Mama Jedwali akihema nyuma yake kwa hasira. Hati ikatoka: watoto wawili. Mlinzi akahesabu, akarudia kuhesabu, akafungua geti. Bibi yao alipita bila kumtazama mtu.

Tangu hapo kila programu mpya tunaijaribu kwa mapacha kwanza. Mama Jedwali aliyakagua majaribio hayo, akasema ni mabaya, halafu akasema yanatosha. Wanaomjua wanafahamu kwamba hiyo ni medali.

Asante, mama, kwa kutufokea sisi ili akina mama wa wodini wasipate sababu ya kufoka. Nenda ukachelewe kuamka. Tunakutakia maisha marefu, mepesi, na geti lililo wazi kila uendako.