Siku Breki Hakuwa wa Mwisho

Benchi letu ni ubao mrefu juu ya matofali, mbele ya chumba cha kinyozi, na hujaa Jumamosi asubuhi. Hapo jirani, nyuma ya ukuta, kwenye uwanja wa shule, klabu ya mbio hupima maili moja, mizunguko minne, kwa yeyote anayetaka, kuanzia wa miaka saba hadi wa sabini na kitu. Kila mtu huandikiwa dakika zake. Sisi hatukimbii. Tunakunywa kahawa na kuwajadili wanaokimbia, hasa mwenzetu Breki, dereva wa basi mstaafu, aliyekuwa amemaliza wa mwisho Jumamosi kumi na moja mfululizo.

Siku hiyo alikuja jasho likimtiririka, akajimiminia kahawa, akasema taratibu:

— Leo sikuwa wa mwisho.

Kinyozi alizima mashine, mteja akabaki na nusu kichwa. Tulimuuliza Breki dakika zake. Kumi na nne na sekunde tano, zilezile za wiki iliyopita. Basi mjadala ukaanza: kama mwendo wake ni uleule, nani huyo aliyekuwa nyuma yake?

Fundi Viatu alisema hizo ni soli alizombandikia juzi. Kinyozi akamjibu kwamba dakika hazikupungua, kwa hiyo soli zake hazina la kujivunia. Yeye alidhani kuna mtoto aliyeinama kufunga kamba akasahau kuwa yuko mbioni. Mimi nikasema huenda ni mwenyekiti wa klabu, kajichelewesha makusudi asije akampoteza mwanachama. Fundi hakukubali kushindwa. Akasema pengine mtu huyo alianza kukimbia Jumamosi iliyopita, ndiyo kwanza anafika. Hapo hata mteja wa nusu kichwa alicheka mpaka shuka la kunyolea likamdondoka.

Breki alikuwa anatabasamu tu, macho barabarani.

— Unamjua lakini? nikamuuliza.

— Namjua vizuri. Nilipomaliza nilirudi, tukatembea naye mizunguko iliyobaki.

Kabla hatujambana zaidi, alisimama kumpisha mtu. Alikuwa mkewe. Hatukuwa tumemwona akitembea barabarani tangu kiharusi kilipomwangusha mwaka jana. Sasa mkewe alikuwa amevaa raba nyeupe, fimbo mkono wa kulia, karatasi ya namba imebanwa kifuani. Alikuja hatua kwa hatua. Hakuna aliyekwenda kumshika mkono, maana Breki mwenyewe hakumshika.

Aliketi, akavuta pumzi, akatuambia: dakika thelathini na nane. Akasimulia jinsi watoto waliokwisha kumaliza walivyorudi kusimama kando ya njia, wakimpigia makofi mzunguko mzima wa mwisho, na jinsi yule dada mwenye saa alivyokataa kuizima ingawa wengine wote walishafika na kunywa maji yao. Fundi Viatu alivua kofia akajifanya anajifuta jasho, lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi. Kinyozi akampa mgeni kikombe chake mwenyewe.

— Shemeji, pole na hongera, akamwambia.

— Asante, shemeji. Wa mwisho ni mimi, acheni kubishana. Ila nafasi hiyo siitaki tena. Jumamosi ijayo namtaka mmoja wenu akae nyuma yangu. Ni nani?

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja. Fundi akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nikainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe changu, na halikutoka hata tone. Breki alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Shemeji yeye hakucheka. Aliipuliza kahawa yake taratibu, akatutazama mmoja mmoja, akisubiri.