Kisiki, Aliyeshika Mkia Katika Kura za Mashabiki

Waombolezaji wenzangu, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, niwasomee maisha ya mdogo wetu, beki wa kati mliyemwita Kisiki, na mtanivumilia sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la mama yetu, akiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994 na sekondari hadi 1998, ambako, tusimsingizie, alijulikana zaidi uwanjani kuliko darasani.

Januari 2001 alisajiliwa na klabu aliyoitumikia hadi 2013. Kila mwisho wa msimu mashabiki walipiga kura kuwapanga wachezaji kwa kupendwa, na picha zikabandikwa kwa mpangilio huo kwenye lango la uwanja, golikipa juu kabisa, washambuliaji wakimfuata, na ndugu yetu chini, jirani na pipa la taka. Alitutania kwamba huko chini kuna kivuli, lakini ilimuuma, nami niliyekula naye najua.

Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na muuzaji wa duka la dawa, wakajaliwa mabinti wawili, 2007 na 2010, naye ndiye aliyewasuka nywele kabla ya kwenda mazoezini. Binti mkubwa alipoiona ile picha, alimwuliza baba yake kwa nini watu hawampendi, naye akamjibu kwamba kila mtu ana haki ya kumpenda amtakaye, kisha akaenda kukaa uani peke yake.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Mwezi uliopita klabu iliwaomba mashabiki wawapigie kura upya wachezaji wa enzi zake, naye kitandani akamwomba mkewe amsomee matokeo, na wifi yangu, asiyejua kudanganya, akamwambia ameshika mkia tena, ndugu yetu akacheka kidogo, akageukia ukutani. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024.

Juzi golikipa yule aliyekuwa akiongoza kura alikuja msibani, akatueleza huku analia kwamba kila alipofungwa goli la kizembe, Kisiki aliinua mkono kuonyesha kosa ni lake, kwa kuwa yeye golikipa alikuwa mgeni kikosini na matusi ya jukwaani yangemmaliza, ikawa mazoea ya miaka yote, na Kisiki akamkataza asiseme. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nikakasirika, maana aliyeyahitaji makofi hayo alikuwa mochwari. Binti mkubwa wa marehemu hakupiga, alimtazama tu golikipa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupatia viti na vyumba, wachezaji wenzake mliolibeba jeneza, na wewe golikipa, maana kusema vile mbele ya watu si kazi ndogo. Mashabiki, tumeuona wingi wenu, asanteni.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, sasa wamejua, ila wamechelewa.