Bi Sanobar na Lozi Iliyopinda Kushoto

Na hata hiyo lozi ya kofia mliyokuwa mkiicheka kwenye chai ya Jumatatu, jamani, mimi siwezi kuicheka tena, maana ndiyo iliyonipa mume. Lakini mkurugenzi ameniambia nianze kwa utaratibu, basi naanza. Bi Sanobar Yokubova anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Vijana hapa Chust kwa miaka ishirini na minane. Nimechaguliwa kuandika mimi, mgeni kuliko wote kazini, kwa sababu wenzangu kila wakishika kalamu wanalia, na mimi tangu niolewe mwezi wa pili silii kwa jambo lolote.

Bi Sanobar alikuja kutoka mji mkuu, Tashkent, akiwa na shahada ya saikolojia na masanduku mawili ya vitabu. Kazi yake ilikuwa kuwatibu kwa mazungumzo vijana wenye huzuni isiyoondoka, wenye hofu, na wale waliochoka kuishi. Wagonjwa walikuwepo majumbani, tele, ila mlangoni hakufika mtu. Nani ampeleke binti yake penye kibao cha afya ya akili, kisha posa itoke wapi? Washenga wa kwetu humaliza mtaa mzima kwa maswali kabla hawajavua viatu. Bi Sanobar akanywa chai peke yake majira yote ya baridi. Kisha akakishusha kibao cha serikali na kutundika kingine: KOZI YA KUTARIZI KOFIA. Wiki hiyohiyo akaja msichana wa kwanza, na mama yake akanong'ona pale mlangoni, "Mwalimu, hata asipojua kushika sindano, si kitu."

Kwa ajili ya wavulana aliandika juu ya mlango wa nyuma, upande wa kichochoroni: KOZI YA KOMPYUTA. Kompyuta ilikuwa moja. Ipo hadi leo, inazuia dirisha lisijifunge.

Hapo ndipo mji wetu ulipojidanganya vizuri. Familia za mlango wa mbele zilijua fika kwamba kofia ni kisingizio, lakini ziliamini kompyuta ni za kweli. Familia za mlango wa nyuma zilijua hakuna kompyuta, ila zingeapa kwamba kule mbele wasichana wanasomea kutarizi. Siku za wasichana na za wavulana zilikuwa mbalimbali, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake. Kila nyumba ikawa inamwonea aibu jirani ambaye naye anaionea aibu kwa jambo lilelile.

Kutarizi kwenyewe kulikuwepo, tusimsingizie. Bi Sanobar aligundua kwamba kijana akitazamwa usoni hufunga mdomo, lakini ukimpa sindano, macho yake yakiwa kwenye kitambaa, maneno hutoka yenyewe. Hata wavulana walitarizi, ingawa nyumbani hawakusema. Tatizo ni kwamba mwalimu mwenyewe hajui. Chust ni mji wa kofia. Hapa hata mtoto mdogo anajua kuwa mkia wa lozi, lile pambo linalotariziwa kwenye kofia, unakunjwa kulia. Lozi ya Bi Sanobar inakunja kushoto, tena ina tumbo, kama samaki anayemkimbia paka. Na ndiyo hiyo moja tu aliyotufundisha sote. Wauza kofia sokoni walikuwa wakisema, "Mwalimu wa ajabu huyu. Wanafunzi wanaingia wakilia, wanatoka wakicheka, na kofia zao hazivaliki."

Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa kuingia chuo kikuu, nimeacha kula, nalala uso ukutani. Siku za mwanzo sikusema neno, na Bi Sanobar hakunibembeleza. Alitazama kazi yangu akasema, "Mbaya. Yangu mbaya zaidi. Fumua, tuanze." Nikafumua, nikaanza, nikafumua. Kisha siku moja, nikiwa nimeinama hivyohivyo, nikasikia sauti yangu ikisema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba nimeshachagua siku ya kufa. Hakushtuka. Aliweka sindano yake chini akasema, "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Leo huendi nyumbani peke yako." Alinisindikiza, akakaa na mama hadi wakakubaliana nani atakuwa nami saa gani, na siku ile niliyoichagua ikapita kama Alhamisi nyingine. Tulikula supu ya tambi.

Miaka ikapita, akaja Elyor. (Nikiandika jina lake kalamu inateleza, mnisamehe.) Anaoka mikate kwenye tanuri la mjomba wake, na kwa muda mrefu nilidhani kila mteja hupewa mkate wa moto kutoka chini ya rundo, hadi jirani yangu akaniambia, "Shoga, sisi tunapewa wa juu." Mama yake, Bi Mukaddas, akatuma posa, na kwetu kukawa na furaha na hofu kwa pamoja.

Mama yangu alikimbilia kwa Bi Sanobar. "Dada yangu, kijana ni msomi wa kompyuta, amesomea hapo nyuma kwako. Chonde chonde, asije akajua binti yangu alifuata nini hapa. Watamrudisha!"

Kesho yake akaja Bi Mukaddas. "Dada yangu, binti ni fundi wa kofia, mwanafunzi wako. Akijua mwanangu aliumwa nini, ndoa imekwisha!"

Bi Sanobar angeweza kuwatuliza wote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo hakuwa na ruhusa ya kuisema. Aliwaambia kila mmoja kwa wakati wake, "Siri ni ya mtoto, si yangu wala yako. Mwache aseme mwenyewe akipenda." Kila mmoja akajibu, "Hapana!" na kumwachia boksi la halua. Bi Mukaddas alipofika mlangoni akageuka. "Lakini niambie kweli, mkono wake mzuri?"

"Anajua kufumua na kuanza upya bila kukata tamaa," alisema Bi Sanobar. "Sijui mkono mzuri kuliko huo."

Ikabaki kofia. Mnajua kwamba bibi harusi humpelekea mume kofia aliyoitarizi mwenyewe, na asubuhi ya baada ya harusi, mwali anapoinama kuwasalimu wakwe, wanawake huitazama mbele ya kila mtu. Mama alinunua moja sokoni, nzuri ajabu. Nikampelekea Bi Sanobar aione. Aliigeuza, akaisifu, kisha akauliza, "Unataka avae kofia ya nani?" Nikarudi nyumbani nikatarizi yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimeinama chini ya shela, naona miguu ya watu tu. Nikamsikia Bi Hosiyat, jirani yao, akisema kwa sauti, "He! Kozi yote ile, na hii ndiyo kofia? Mwali, hii lozi inaelekea wapi?"

"Labda inarudi kwao," mwingine akadakia, na kicheko kikazuka. Niliiona miguu ya mama yangu ikitafuta viatu vyake.

Miguu ya Bi Mukaddas ilisimama palepale. Kisha ikaingia ndani, nikajua nimekwisha. Nikasikia sanduku likifunguliwa, vitu vikitolewa kimoja kimoja hadi chini kabisa. Miguu ikarudi, na kofia ya pili ikawekwa kwenye zulia, kando ya yangu: kuukuu, lozi ina tumbo, mkia kushoto. Ilikuwa ya Elyor. Aliitarizi mwaka ule baba yake alipofariki, naye akawa hawezi kuvuka lango la nyumba yao kwa hofu.

"Mama," Elyor akasema kutoka mlangoni, mahali ambapo mwanaume hatakiwi kusimama saa ile, "yangu ina tumbo dogo zaidi."

Hakuna aliyecheka. Bi Mukaddas akasema, "Zote mbili zimetoka kwa mwalimu mmoja, na aliyetarizi hii ya zamani nilikesha nikimlilia. Mkwe mwenzangu, rudisha viatu hivyo. Mwali, inua kichwa, mwanangu."

Nikainua. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Bi Hosiyat, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Hiyo kozi," akasema, "bado inapokea wanafunzi?"

Kama alimleta mtu au hakumleta, hilo sisemi; siku hizi nimeajiriwa kwenye mlango uleule wa mbele, na Bi Sanobar amenifunza. Haya mengine nimeyaandika kwa ruhusa ya mume wangu na mama wote wawili, ambao huyasimulia wenyewe kila panapopikwa pilau. Mama mkwe ameomba jina lake lionekane vizuri. BI MUKADDAS, nimetimiza.

Mwezi uliopita tulitundika kibao chenye maneno ya kweli. Bado wanakuja akina mama wakinong'ona, "Kozi ya kofia ni hapa?" Tunawajibu, "Ndiyo, karibuni ndani."

Bi Sanobar anahamia kijijini kwao, kwenye miti ya aprikoti, na anasema sasa hatimaye atajifunza kutarizi. Tayari amemwendea fundi mkubwa wa mji, naye amemkatalia kwa heshima zote: atawezaje yeye kumfundisha mwalimu wa mji mzima?

Ahsante, Bi Sanobar, kwa kila kitambaa ulichotuachia tukifumue. Ukapate usingizi mnono, aprikoti tamu, na afya tele. Usijihangaishe na kupika, mkate wa chini ya rundo tutauleta sisi: mimi na Elyor na mama wote wawili tutakuwa mlangoni kwako kabla mwezi wa tano haujaisha, tukiwa na sindano zetu.