Mkono Ulioacha Kugusa Sikio

Asanteni kwa kunikaribisha mbele, wamama wenzangu. Mama mwenyekiti amenisumbua muda mrefu nisimame hapa, na leo asubuhi nikiwa kwa treni nikaamua nikifika nitasema ilichelewa. Ikafika saa yake. Nikakosa kisingizio, kwa hivyo mnivumilie.

Wengi mnanijua kama yule mama anayekuja ibada na jaketi la michezo, na kuna mmoja hapa, simtaji, aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mlinzi wa supermarket. Hapana, dada. Mimi ni kocha mkuu wa softiboli ya wasichana katika chuo kimoja hapa Birmingham. Ni ule mchezo wa gongo na mpira, unapiga halafu unakimbia kutoka besi hii, yaani kituo hiki, mpaka nyingine. Waingereza wenyewe wengi hawaujui. Nikisema nilijifunzia Western Kenya, shule ya bweni ya wasichana, wanadhani natania.

Tulicheza wawili kwetu, mimi na mdogo wangu anayenifuata. Yeye alikuwa mrushaji. Mimi nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila kinachokuja. Mdakaji ndiye anamwambia mrushaji arushe mpira gani, na anamwambia kwa vidole, chini hapa katikati ya magoti, ili wapinzani wasione. Mdogo wangu akishanielewa alivuta sikio lake la kushoto. Basi. Nikiona ameshika sikio najua yuko tayari, na mimi nakaa sawa. Hata nyumbani tulifanya hivyo. Mama akitugombeza jikoni, mimi natoa vidole nyuma ya sketi, yeye anavuta sikio, na tunatoka kupitia mlango wa nyuma.

Baadaye nilichezea timu ya kazini mpaka goti likakataa. Nikaja huku kusoma, nikabaki, nikafanya kazi ya kutunza wazee kama nusu ya nyinyi mlioketi hapa. Jioni moja napita uwanjani Hodge Hill nikaona wasichana wa chuo wanafanya mazoezi, na mdakaji wao ameshika glavu kama anayeomba sadaka. Nikashindwa kunyamaza. Nikaongea juu ya ua, kocha wao akacheka, akanifungulia geti. Nikawa msaidizi wa bure, halafu msaidizi wa kulipwa, na yule kocha aliporudi kwao nikapewa timu. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilipiga simu nyumbani kabla sijavua viatu. Mdogo wangu akapiga kelele mpaka majirani wake wakatoka nje.

Sasa nieleze kitu kimoja, kwa sababu bila hicho hamtanielewa. Timu yetu ikipiga, kocha anasimama karibu na besi ya tatu na kuwaambia wachezaji la kufanya kwa ishara. Anagusa kofia, kifua, mshipi, kiwiko. Wapinzani nao wanatazama, kwa hivyo ishara nyingi ni za uongo. Huwa kuna moja tunaiita ufunguo. Kocha akishagusa ufunguo, ndipo ishara inayofuata ina maana. Asipougusa, hata ajikune mwili mzima, mchezaji habanduki kwenye besi. Mimi niliwapa wasichana wangu sikio la kushoto. Sikuwaambia limetoka wapi.

Mwaka jana, baridi ikiwa kali, simu ikaja kutoka nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameanguka sokoni, hakuamka tena. Yule aliyepiga alikuwa analia, nami nilikuwa nimesimama jikoni na kijiko mkononi. Nikamwambia asante kwa kunijulisha. Nikaosha kile kijiko. Nikaenda kazini.

Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji na maombi yangu ya viza. Mnajua hayo, siwaelezi. Ukiondoka, umeyafuta mwenyewe. Kwa hivyo sikwenda. Mazishi niliyatazama kwa simu, ndani ya stoo ya vifaa pale uwanjani, nimekaa juu ya gunia la mipira. Picha ilikuwa inakwamakwama. Walipoanza kushusha jeneza ikakwama kabisa, likabaki linaning'inia, na mimi nikawa nalitazama tu. Halafu nikafunga simu, nikatoka, nikawaambia wasichana waanze kukimbia kuzunguka uwanja.

Sikumwambia mtu. Mimi, ambaye nyumba yoyote ikipata msiba natangulia na sufuria! Nilijua nikisema, mtakuja. Mtajaa sebuleni na kuimba, na mtanitazama mnione nikilia. Na mimi sikuwa nalia. Sikuwa na chochote ndani. Niliogopa mtanikuta macho makavu na mseme huyu hakumpenda ndugu yake. Na niwaambie ukweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Nilikuwa na ganzi. Unajua ukikalia mguu, ukiugusa ni kama wa mtu mwingine? Basi mwili mzima. Nilikula, nililala, nilicheka watu wakicheka. Wale wazee ambao bado nawatunza siku zisizo za mazoezi niliwaogesha vizuri. Mazoezi sikukosa.

Lakini timu ikaanza kushindwa. Wasichana waliokuwa wepesi kama nini sasa wanabaki wamesimama kwenye besi kama nguzo za stima. Naashiria kimbia, hakimbii mtu. Mechi baada ya mechi. Mkuu wa michezo wa chuo akaniita, mama mpole, akasema hali ikiendelea hivi mpaka mwisho wa msimu watatafuta kocha mwingine. Ile kazi niliyoipigia simu nyumbani kabla sijavua viatu. Nikamwambia ninaelewa. Nikatoka nje, nikatafuta basi. Hata kuogopa sikuogopa.

Nahodha wangu ni mtoto wa hapahapa Birmingham. Mama yake anatoka Nakuru na leo yuko nasi, ameketi nyuma kule, ananikazia macho nisimtaje. Huyo msichana ukimwambia kwa Kiswahili anaelewa kila neno, halafu anakujibu kwa Kiingereza. Basi siku moja tumeshindwa tena, mvua inanyesha, wenzake wameenda kubadilisha nguo, akaja akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Coach, don't you trust us anymore?"

"Nani amesema siwaamini?"

"You never give us the key. Everyone has seen it. We just stand there."

Nikakasirika. Nikamwambia ufunguo nawapa kila mechi, macho yao ndiyo hayako uwanjani. Akatoa simu yake, akanionyesha video ambayo baba yake alichukua siku hiyo.

Nikajiona nimesimama kando ya besi ya tatu. Kifua, mshipi, kiwiko. Kisha mkono wa kushoto unapanda kwenda sikioni. Ukifika shavuni unasimama kidogo, unakata kona, unaenda kwenye kofia. Akarudisha nyuma. Tena shavuni, tena kona. Akanionyesha ya mechi ya nyuma, vilevile. Na mimi, wamama wenzangu, ningeapa mbele ya mchungaji kwamba nilikuwa nimegusa sikio.

Wale watoto walikuwa wamesimama pale mechi zote hizo wakiningoja. Walidhani nimewakataza kukimbia.

Nikamwambia, "Dada yangu amekufa."

Ndiyo mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wangu. Niliyasema kwa Kiswahili, nikitazama ile video. Huyu mtoto, ambaye hajawahi kuniita kwa jina lingine ila "Coach", akaweka simu chini, akanishika mkono na kusema, "Pole sana, Aunty."

Mnajua kilichofuata, maana ni nyinyi. Akamwambia mama yake. Mama yake akawaambia nyinyi. Jumamosi nafungua mlango wa nyumba yangu kule Northfield nakuta sufuria zimeanza kuingia kabla ya watu. Mtu akasukuma makochi ukutani bila kuniuliza. Mwingine akaulizia picha ya marehemu, akatandika kitambaa, akaiweka mezani. Matanga ya mtu aliyezikwa zamani! Nikawa nimesimama katikati ya nyumba yangu kama mgeni, macho makavu, vile nilivyoogopa. Mama mmoja mzee wa hapa akaniona, akanivuta nikae karibu yake, akasema, "Hatujaja kukuangalia ukilia, mama. Tumekuja kukaa." Na mkakaa.

Wasichana wangu nao wakaja na majaketi yao, wakajipanga kwenye ngazi wakila chapati. Mkaniambia niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani. Nikachuchumaa pale kwenye zulia nikawaonyesha vidole vyetu. Goti likagoma, mkaninyanyua watatu, na mmoja wenu akasema nimeongezeka kilo. Nilikusikia. Lakini wasichana hawakucheka. Walikuwa wameniona navuta sikio mwishoni, na nahodha akawatazama wenzake, wakaelewa limetoka wapi.

Mechi iliyofuata nikasimama pale pangu. Kifua, mshipi, kiwiko. Mkono ukapanda, ukafika shavuni, ukataka kukata kona. Nikausukuma. Nikalishika sikio, na lilikuwa la baridi, baridi kabisa, ile ya Birmingham ambayo nilikuwa nimesahau kwamba inauma. Nikagusa kofia, ishara yetu ya kukimbia. Nahodha akachomoka kama amefunguliwa kamba.

Akatolewa. Ndiyo, alitolewa, mbona mnacheka? Mpira ulimtangulia, hakufika hata karibu na besi. Akanyanyuka na matope mpaka kwenye nyusi, anacheka, na mimi nimesimama pale machozi yanaingia mdomoni, mwamuzi ananiuliza kama nina malalamiko.

Hatukuchukua kombe. Tulishinda mechi za kutosha, na chuo kikaniambia niendelee. Lakini sitawadanganya kwamba nimepona. Kuna siku ile ganzi inarudi, nakaa nayo mezani, tunakunywa chai. Tofauti ni kwamba sasa nikiiona namwambia mtu.

Nawashukuru nyinyi wa sufuria. Namshukuru yule mama wa "tumekuja kukaa". Namshukuru nahodha wangu aliyeuliza swali ambalo watu wazima hawakuniuliza, na Mungu aliyemkalisha kwenye benchi lile. Nilichojifunza ni kidogo. Usingoje mpaka uweze kulia ndipo uwaambie watu. Waambie na macho yako makavu hivyo hivyo, watakuja.

Na najua katika chumba hiki kuna mtu ameketi vile nilivyoketi, anatabasamu wenzake wakitabasamu. Sitauliza ni nani. Tukitoka kwenda kwenye chai, na mdomo ukikataa kusema, wewe nipite tu na ushike sikio la kushoto. Mimi ni mdakaji. Nitakuwa nimesimama karibu na birika, natazama.