Viungo vya Neno la Spéciose

Spéciose alikuwa anaenda Kakuma kusoma tangazo la ibada ya makanisa yote, na neno moja la Kiingereza, lenye maana ya “la madhehebu yote”, lilimkwama kooni: interdenominational. Lilikuwa refu hata gari la abiria lilipotoka Lodwar, mwisho wake ulibaki nyuma, mtaani Kanamkemer.

“In-te-de-no-mi…” alinong'ona. “Dada, mbona unaponda mifupa?” akauliza Mama Akoru, muuza nyama aliyeketi kando. “Kiingereza sijui, lakini mbuzi hukatwa kwenye viungo.”

Spéciose akapapasa viungo vya neno. “Inter. Denomination. Al.” Kisha akalitoa zima, mpaka dereva akapiga honi kumshangilia.

“Huo mkia, ‘al’, ni wangu, ujira wa kukuonyesha viungo!” akadai Mama Akoru. “Wako kivipi, mama? Mbuzi ni wangu!” akajibu Spéciose.

Walikuwa bado wanagombania “al” gari liliposimama kanisani Kakuma. Spéciose akashuka akilitamka zima. Mchungaji wa hapo, ambaye siku zote husema tu “ile ibada kubwa” ili kulikwepa neno hilo, akamkabidhi maikrofoni.